Farasi wangu kaambiwa "pingili imetoka": kweli mkono wa mtu unaweza kuirudisha?

Hatamu

Wakuu habari zenu. Naomba wenye kujua anatomia wanisaidie, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Nina farasi jike wa kupanda, kilo 500 hivi. Tangu msimu uliopita amekuwa mzito kugeuka kushoto. Kulia anajipinda vizuri tu. Kushoto anapinda shingo, lakini kiwiliwili kinabaki kimenyooka. Nikikaza mkanda wa tandiko analaza masikio. Nikaelekezwa kwa mtu anayetibu wanyama kwa mikono, kairopraktiki. Akampapasa mgongo wote taratibu, akasimama usawa wa nyuma ya tandiko, akaniambia: "Pingili hii imetoka, imeenda kushoto." Akapanda juu ya kigoda, akaweka kiganja, akasukuma mara moja, haraka kweli. Ikalia kwa! Akasema imerudi mahali pake.

Sasa, siku ileile farasi alitembea akiwa mwepesi. Hilo sibishani na mtu, nililiona. Ila mume wangu kanicheka: "Wewe ukimsukuma kwa bega zima atoke juu ya mguu wako hasogei, huyo kasogeza mfupa wake kwa kiganja?" Nikakosa la kusema. Kwa hiyo nauliza: kilichosogea ni nini? Kilicholia ni nini? Na kama hakuna kilichorudi mahali pake, mbona alipata nafuu?

Jino la Mwisho

Dada, hiyo elimu aliianzisha D. D. Palmer, Davenport, Iowa, mwaka 1895, akidai sehemu kubwa ya magonjwa chanzo chake ni pingili zilizokaa vibaya. Nadharia imekufa, kiganja kimebaki. Farasi wako alipumzishwa na kushikwashikwa, basi akajisikia vizuri. Mengine mbwembwe.

Kisu na Gegedu

Jino la Mwisho, umefunga kesi mapema mno. Palmer kukosea kuhusu magonjwa hakutuambii kiganja kinafanya nini.

Hatamu, mimi nimefundisha anatomia wanafunzi wa udaktari wa wanyama sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi yenyewe ni kupasua mizoga. Fomalini imeshaingia hadi kwenye ngozi. Acha nianze na kile ambacho vidole vya yule mtu viligusa, kwa sababu hapo ndipo maneno yalipopotoka.

Hakugusa pingili. Aligusa ncha ya mwiba wa pingili, ule mfupa unaosimama wima juu yake. Gogo la pingili lenyewe, linalobeba uzito, liko chini sana, limefunikwa na nyama pande zote. Kwenye nundu ya mabega ya farasi miiba hiyo hupita sentimita 20. Nyuma ya tandiko ni mifupi zaidi, lakini hata hapo gogo hulifikii kwa kidole. Na ncha za miiba hazikupangwa kwa rula. Nimetandaza mezani mifupa ya farasi waliotembea vizuri hadi mwisho wa uhai wao: ncha moja imeelekea kushoto, inayofuata kulia, nyingine imenenepa upande mmoja. Ukihukumu pingili kwa ncha ya mwiba wake, hutakosa "iliyotoka" kwa farasi yeyote utakayemshika.

Halafu fikiria kinachoishikilia. Kati ya gogo na gogo kuna diski, ambayo kwa farasi ni nyembamba, milimita chache tu, na imeshikamana na mifupa kwelikweli. Juu na chini ya magogo zinapita ligamenti ndefu, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kati ya miiba kuna ligamenti nyingine, na juu ya ncha zake umetandazwa mkanda mzito unaoanzia kisogoni. Kifuani mbavu zimejikita pande zote mbili. Chini kabisa, karibu na mfupa, kuna multifidasi, misuli mifupi inayoruka pingili chache tu kila mmoja. Mwanafunzi anayetaka kutenganisha pingili mbili za mzoga anatumia kisu, na akimaliza ametoka jasho. Pingili ya farasi aliye hai ikitoka kweli mahali pake, mshipa mkuu wa fahamu unaopita katikati unabanwa au unakatika, na farasi analala chini. Hageuki kushoto kwa uzito, hageuki kabisa.

Sasa mahali. Farasi kwa kawaida ana pingili 7 za shingo, 18 za kifua, 6 za kiuno na 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, sakramu. (Baadhi ya farasi wa Kiarabu wana 5 za kiuno, na punda wengi vilevile, kwa hiyo anayehesabu kwa vidole ajue anahesabu nani.) Pingili na pingili zinakutana pia kwa jozi ya viungo vidogo upande wa juu, faseti, vyenye gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa), kifuko na ute kama kiungo kingine chochote. Jinsi faseti zilivyoelekea ndiyo inayoamua mgongo uende wapi. Kifuani zimelaliana karibu bapa, kama vigae vya paa, kwa hiyo pingili inaweza kuteleza kidogo kando na kujizungusha kidogo. Kiunoni zimesimama wima na moja imeingia ndani ya mwenzake. Kujizungusha kumefungwa, kukunja na kukunjua ndiko kunakobaki, tena kwa kiasi. Na farasi ana jambo ambalo mbwa hana wala ng'ombe hana: mabawa ya pingili za mwisho za kiuno yanakutana yenyewe kwa yenyewe kwa viungo kamili vyenye ute, na bawa la mwisho linakutana na sakramu hivyohivyo. Utaliona kwa kifaru na kwa tapiri, jamaa zake. Wanafunzi hudhani ni ugonjwa, mifupa imeota na kugusana. Siyo. Kaumbwa hivyo.

Townsend na wenzake walipima uti wa farasi kiungo kwa kiungo, wakachapisha mwaka 1983. Kupinda kando na kujizungusha kulikuwa kukubwa zaidi katikati ya kifua, karibu na pingili ya 11 na ya 12, yaani chini ya tandiko. Kukunja na kukunjua kukubwa kuliko kote kulikuwa pale kiuno kinapokutana na sakramu. Kiuno chenyewe, kando, karibu hakiendi.

Kwa hiyo kama yule mtu alikuwa kiunoni na akasukuma mwiba kutoka kushoto kwenda kulia ili "airudishe", alikuwa anasukuma mfupa dhidi ya mfupa uliofungwa. Kama alikuwa bado kwenye pingili za mwisho za kifua, au alisukuma kuelekea chini na mbele, hapo tuna cha kuzungumza. Unakumbuka mkono wake ulielekea wapi?

Hatamu

Mwalimu, shikamoo, na asante. Kwa kumbukumbu yangu hakusukuma kando kabisa, ulikuwa mshazari, kama kwenda chini na mbele. Na ubavu wa mwisho ulikuwa karibu na mkono wake. Lakini bado hujamjibu mume wangu!

Mkono Mwepesi

Naomba niingie, mimi pia ni mtu wa kigodani, ingawa si yule aliyemtibu farasi wako. Ni daktari wa wanyama, baadaye nikasomea kairopraktiki ya wanyama. Mwalimu hapo juu kasema kweli tupu kuhusu "imetoka", na niongeze kwamba tuliofundishwa vizuri neno hilo hatulitumii. Tunachotafuta ni kiungo kisichokwenda kama jirani zake.

Hatamu, kila kiungo kina mwendo wa hatua. Kuna ule mnyama anaoufanya mwenyewe kwa misuli yake. Ukimsogeza wewe, unapata ziada kidogo. Mwisho wa ziada hiyo unakutana na ukinzani unaonesanesa chini ya kidole. Kiungo kizima kinanesa, kiungo kilichokakamaa kinakuwa kigumu ghafla. Mbele ya ukinzani huo kuna nafasi ndogo sana kabla hujafika mpaka ambao ukiuvuka unachana kifuko na ligamenti. Kazi yetu yote iko kwenye hiyo nafasi ndogo. Tunaondoa kwanza ulegevu wa ngozi na misuli, tunashikilia pale ukinzani unapoanza, tunasubiri mnyama aachie pumzi, ndipo tunasukuma: haraka, kifupi, kufuata mteremko wa faseti. Ukisikia mshazari wa chini na mbele, huo ndio mteremko wenyewe wa sehemu ile ya kifua. Mtu wako mikono yake inajua kuliko mdomo wake.

Kwa Jino la Mwisho: kuna vipimo. Sullivan, Hill na Haussler, mwaka 2008, walipima ni shinikizo kiasi gani farasi huvumilia juu ya mgongo kabla hajajikunyata. Baada ya siku 7 uvumilivu ulipanda asilimia 27 kwa waliofanyiwa kairopraktiki, 12 kwa waliokandwa, 8 kwa waliopewa fenilibutazoni, dawa ya maumivu. Mwaka huohuo Gómez Álvarez na wenzake waliwafunga alama mgongoni farasi 10 wenye shida ya mgongo, wakawapiga picha kwa kamera kabla na baada. Mgongo wa kifua ulipungua kubonyea na nyonga zikaenda kwa ulinganifu zaidi.

Kisu na Gegedu

Marahaba, Hatamu. Na Mkono Mwepesi, karibu, umeeleza vizuri, ila umekata mkia wa tafiti zote mbili. Farasi wa Sullivan hawakuwa na dalili za ugonjwa wa mgongo. Tulichojifunza ni kwamba hisia ya maumivu inabadilika, hatukujifunza kwamba mgonjwa amepona. Kwa Gómez Álvarez, mabadiliko mengi yalikuwa sehemu ya digrii hadi digrii moja na kitu, na baadhi hayakuwepo tena wiki 3 baadaye. Jicho la mpandaji haliwezi kuona sehemu ya digrii. Alichokiona Hatamu ni kitu kikubwa kuliko hicho, ndiyo maana nadhani kimetoka kwenye misuli.

Nimjibu bwana mkubwa nyumbani. Swali lake ni zuri, na linajibika kwa kalamu. Kwa binadamu, msukumo wa namna hii kwenye mgongo wa kifua umepimwa: kilele chake ni kama nyutoni 400. Chukua kwamba nguvu inapanda na kushuka ndani ya sekunde 0.15. Zidisha nusu ya kilele kwa muda huo, unapata nyutoni-sekunde 30. Gawa kwa kilo 500: sentimita 6 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo farasi mzima angeipata kama angekuwa anaelea hewani bila kukanyaga chochote. Akiwa amesimama kwa miguu minne, unaona ngozi ikitikisika tu. Kwa hiyo mumeo kasema kweli, farasi hakusogea.

Lakini farasi kutosogea ndiko kunakofanya kiungo kisogee. Ukimsukuma kwa bega, polepole, mwili wote unapata muda wa kujibu, misuli inakaza, miguu inasimika, nguvu yako inasambaa kwa kilo zote 500. Ukisukuma kwa haraka kipande kimoja, uzito wa jirani zake unakuwa umechelewa, wao ndio wanaoshikilia upande wa pili kwa ajili yako, na ile tofauti ndogo inaishia kwenye faseti zilizo chini ya kiganja. Na msukumo unakwisha kabla farasi hajaamua kujikaza. Ndiyo maana haraka ina maana kuliko nguvu, na ndiyo maana nikisikia mtu anagonga mgongo wa farasi kwa nyundo ya mpira na kipande cha mti natamani kumnyang'anya. Mti hauhisi ukinzani unaanzia wapi.

Nikiwa hapohapo, kuna na wale wavutaji wa mguu. Mguu wa mbele wa farasi haukuungana na uti wa mgongo kwa mfupa hata mmoja. Hana mtulinga. Kifua kinaning'inia katikati ya mabega kwa misuli mitupu. Ukivuta mguu wa mbele unanyoosha misuli, jambo jema wakati mwingine, ila usiniambie umerekebisha pingili ya shingo kwa njia hiyo. Mguu wa nyuma umeungana kweli na uti kupitia nyonga na sakramu, lakini kiungo hicho cha nyonga na sakramu kimefungwa kwa ligamenti nzito ajabu, kiko chini ya mfupa wa nyonga na nyama nyingi, na mwendo wake ni mdogo mno. Anayesema amekisikia kikitoka na kurudi ana masikio kuliko mimi.

Mlio. Ndani ya ute wa kiungo kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za gegedu zikitenganishwa ghafla, shinikizo la ute linashuka na uwazi wa gesi unatokea. Unsworth, Dowson na Wright walilieleza hili mwaka 1971 kwa viungo vya vidole vya mkono, wakaonyesha pia kwamba kidole kilicholia hakilii tena hadi dakika 20 hivi zipite. Mwaka 2015 Kawchuk na wenzake walivuta vidole ndani ya mashine ya picha za sumaku, wakauona uwazi ukitokea pale kiungo kinapolia. Vidole vyenyewe vilikuwa vizima, hakuna kilichokuwa kimetoka. Mlio unakuambia nyuso zilitengana, basi. Haukuambii ni faseti ipi, wala kama ndiyo iliyohitajika.

Na nafuu? Kifuko cha faseti na ile misuli mifupi ya multifidasi vimejaa vipokezi vya mishipa ya fahamu vinavyopima mkao na mnyumbuko. Ukivinyoosha ghafla, vinatuma habari nyingi kwa wakati mmoja kwenye mshipa mkuu, na habari hizo zinaweza kupunguza zile za maumivu zinazopanda kwa njia ileile. Msingi wa wazo hilo waliuweka Melzack na Wall mwaka 1965. Misuli iliyokuwa imejikaza kulinda eneo inalegea. Farasi anapinda. Mwenye farasi anafurahi, na ana haki.

Shida ni kesho yake. Misuli haikujikaza bure. Slijper, Mholanzi, mwaka 1946 alieleza kiwiliwili cha mnyama wa miguu minne kuwa ni upinde na ugwe: uti ni upinde, misuli ya tumbo ni ugwe. Uzito wa matumbo na wa mpandaji unabonyeza upinde. Tumbo likifanya kazi, mgongo unapanda. Farasi akiteremsha shingo, ule mkanda wa juu unavuta miiba ya nundu mbele na mgongo unainuka pia. Farasi anayepandwa kichwa juu na tumbo legevu atarudisha ugumu wake hata ukimsukuma kila wiki. Mwaka 2011 Stubbs na wenzake walifuatilia farasi waliofundishwa kufuata chambo kwa mdomo hadi kifuani, hadi kati ya miguu, hadi ubavuni, siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, bila kupandwa. Multifidasi yao ilinenepa, na iliyokuwa ndogo upande mmoja ikakaribia mwenzake. Kiganja hakijengi msuli.

Hatamu, kabla hajarudi yule mtu, daktari amtazame huyo farasi akikimbia taratibu kwenye mduara, pande zote mbili. Mguu wa nyuma unaouma kidogo hufanya mgongo uonekane mgumu, na kulaza masikio wakati wa mkanda kunaweza kuwa tandiko, tumbo, au miiba ya mgongo inayogusana. Miiba inayogusana ni ya eksirei, na hutokea sana hapohapo chini ya tandiko na nyuma yake. Msukumo hauitenganishi.

Mkono Mwepesi

Nakubali karibu yote. Hilo la mguu wa nyuma nalichunguza kabla sijagusa mgongo, na anayeanza na kigoda bila kumwona farasi akitembea mfukuze. Palipobaki ugomvi ni moja: unaandika kana kwamba kulegeza misuli ni jambo dogo. Farasi aliyekakamaa hawezi kufanya hayo mazoezi ya Stubbs. Namfungulia mlango, mwenyewe apite.

Kisu na Gegedu

Hapo hatugombani. Ningegombana kama ungesema vidole vyako na vya mwenzako vitachagua pingili ileile. Kwa binadamu wamejaribu mara nyingi, watibabu wawili mgonjwa mmoja, na kukubaliana kwao ni hafifu.

Mama Fupi

Mwalimu, hesabu yako imenitisha. Nina mbwa, Dachshund, wale warefu wenye miguu mifupi, kilo 10, na nilikuwa nimpeleke kwa mtu wa aina hiyohiyo kwa sababu ameanza kukataa kuruka kwenye kochi. Nyutoni-sekunde 30 kwa kilo 10 si mita 3 kwa sekunde?

Kisu na Gegedu

Ndiyo, mita 3. Ukitumia mkono wa farasi kwa mbwa huyo unamrusha. Mtu mwenye akili anatumia vidole viwili na sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo, lakini kwa Dachshund tatizo si nguvu peke yake.

Mbwa ana pingili 13 za kifua na 7 za kiuno. Kuanzia karibu mwanzo wa kifua hadi pingili ya 11 hivi, kuna ligamenti inayounganisha kichwa cha ubavu wa kushoto na cha kulia, ikipita juu ya diski, kati yake na mshipa mkuu wa fahamu. Ni ukuta. Baada ya hapo ukuta umekwisha, na ndipo pia kifua kigumu kinapokutana na kiuno kinachonyumbuka. Sasa Dachshund, kwa maumbile yale yale yaliyofupisha miguu yake, diski zake huzeeka angali kijana: kiini kilichopaswa kuwa laini kama ute kinakauka na mara nyingi kinaingia chokaa. Hansen wa Uswidi aliandika juu ya hili mwaka 1952 na aina hiyo ya kupasuka kwa diski bado inaitwa kwa jina lake. Kiini kikavu hakibonyei, kinapasua ganda na kuruka juu, moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu, na mara nyingi ni pale pale nyuma ya ukuta.

Mbwa wako kukataa kuruka ni dalili ya kwanza ninayoijua ya jambo hilo. Asisukumwe na mtu yeyote mgongoni, wala shingoni, hadi daktari amemchunguza mishipa ya fahamu: anageuzwa nyayo juu chini aone kama anairudisha, anabinywa vidole, anapapaswa mgongo. Hadi wakati huo akae kwenye boma dogo, ngazi hapana, kochi hapana. Ukimbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale. Ukimwona anayumba nyuma au anaburuta kucha, usisubiri asubuhi.

Mama Fupi

Ameanza kuburuta kucha za mguu wa kulia. Tunatoka sasa hivi.